NYUMBA YA WAZEE NI MTAA

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi, juu ya maisha ya pamoja katika makaazi ya wazee



Mtumishi wa Serikali hustaafu kwa lazima anapotimiza umri wa miaka 60. Siku ya kuagwa husomewa risala, hukabidhiwa zawadi, na mengi husemwa juu ya mapumziko anayostahiki. Lisilosemwa siku hiyo ni wapi ataishi, na pamoja na nani, atakapofika umri wa miaka 80, mwenzake wa maisha ametangulia mbele ya haki na watoto wako mbali. Watu hulikwepa suala hili kwa kuwa linaonekana kama kuwalaumu watoto kabla hawajakosa. Inafaa lizungumzwe mapema, na inafaa mazungumzo yaanzie ng'ambo ya bahari, Goba, kwa sababu huko linaonekana wazi jambo ambalo Unguja na Pemba linaingia polepole.

Goba ni kata ya Manispaa ya Ubungo katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kabla Ubungo haijawa wilaya, ilikuwa sehemu ya Kinondoni. Ni nchi ya vilima na mabonde, na watu wa makamo bado wanaikumbuka ilipokuwa mashamba. Wafanyakazi wa mjini, watumishi wa Serikali na wa mashirika ya umma miongoni mwao, walinunua viwanja huko wakajenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka wa tatu bati. Nyumba zilikusudiwa familia kubwa: vyumba vinne au vitano, ukuta na geti. Mara nyingi nyumba ilimalizika wakati watoto wameshaondoka.

Kwa hiyo si jambo geni leo kukuta katika nyumba ya vyumba vitano anaishi bibi mmoja na binti wa kazi, au mzee na mkewe wanaosikiliza redio mchana kutwa. Mwana mmoja yuko Mwanza, mwengine Muscat, mwengine Uingereza. Fedha zinafika kwa simu, na salamu zinafika kwa simu hiyo hiyo. Haitakuwa haki kusema watoto hao wamewatupa wazazi wao. Wanatuma, wanauliza, wanalipa daktari. Kinachokosekana katika nyumba ile ni mtu wa rika moja na mzee, wa kubishana naye juu ya mwaka gani mvua ilikata njia, au nani alikuwa mwalimu mkuu wa skuli fulani.

Mtu wa Ng'ambo au wa Mji Mkongwe atafahamu tofauti upesi. Mzee akikaa barazani asubuhi hupitiwa na salamu ishirini kabla ya adhuhuri, na asipoonekana siku moja mtu hubisha hodi. Goba ukuta unatazamana na ukuta. Kilima kinachosha magoti, kituo cha daladala kiko mbali, na geti likifungwa jioni hakuna anayejua mzee amelala vipi. Lakini nyumba mpya za Unguja nazo zinajengwa kwa kuta na mageti, na baraza ndiyo inayopunguzwa kwanza kiwanja kinapokuwa kidogo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 upande wa Bara iliiweka familia kuwa mlezi wa kwanza wa mzee, na makaazi maalumu kuwa hatua ya mwisho kwa asiye na wa kumtunza. Mpango huo una busara yake. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba makaazi ya Serikali yamejulikana kama mahali pa wasiojiweza. Kwa mkaazi wa Goba, makaazi ya namna hiyo yaliyo katika jiji lake ni Nunge, Kigamboni, ambako ni kuuvuka mji mzima, kisha kupita kivuko au daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Yako mengine mikoani, kama Kolandoto huko Shinyanga, Bukumbi huko Mwanza na Fungafunga huko Morogoro. Baadhi ya makaazi ya Bara yalianza kwa ajili ya watu waliougua ukoma. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wamo pia wazee waliokimbia shutuma za uchawi. Bibi wa Goba mwenye nyumba yake na pensheni yake hajioni humo, wala hana haja ya kujiona humo. Lakini kati ya makaazi hayo na upweke wa nyumbani kwake hakuwekwa kitu cha katikati.

Visiwani historia ni nyengine. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali chini ya Mzee Abeid Amani Karume iliichukua kazi ya kuwatunza wazee wasio na jamaa kuwa ni wajibu wa Dola. Haja ilikuwepo. Kwa miongo mingi watu walikuja kutoka Bara kuchuma karafuu na kufanya kazi za mikono, wakazeeka hapa bila ya mtoto wala mjomba. Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba, ni majina ambayo kila mwananchi anayajua. Ikifika Ramadhani viongozi hufuturu na wazee hao, na ikifika sikukuu hupelekewa mkono wa Idd. Desturi hiyo ni njema na haifai kuachwa. Tatizo ni kwamba wananchi wengi huwaona wazee hao katika picha za siku hiyo tu, wamekaa kwenye viti wakipokea. Mtu anayeonekana daima akipokea, mwisho husahauliwa kwamba aliwahi kutoa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usemi huo hutajwa kwa mzaha, kama kwamba ni wa kumfukuza mgeni, ilhali maana yake ya ndani ni ya heshima: aliyepewa jembe amekwishakuwa mtu wa nyumba. Makaazi mengi ya wazee duniani, ya kimaskini na ya kitajiri, hukosea hapo hapo. Mzee hupokewa vizuri, huoshwa, hulishwa, hutandikiwa, na hubaki mgeni hadi siku ya kufa kwake. Hapana aliyempa jembe.

Jembe hilo linaweza kuwa dogo sana. Lichukuliwe suala la jiko. Ni rahisi kwa mwenye kusimamia makaazi kupika sufuria moja kubwa, kupakua kwa zamu na kuosha. Ni salama zaidi, na hesabu za unga na mkaa hukaa sawa. Lakini bibi aliyepika kwa miaka sitini anajua mchuzi wake uwe na ndimu kiasi gani, na siku anayoambiwa aache sufuria ndiyo siku anayovuliwa cheo chake. Anayeweza kupika apewe posho yake na nafasi ya kuwasha jiko lake. Asiyeweza kusimama achambue mchele akiwa amekaa. Mwengine hata hilo haliwezi, lakini anaweza kuonja na kusema chumvi haijakolea, na neno lake lisikilizwe. Bila shaka moshi utakuwepo, na siku nyengine sufuria itaungua. Msimamizi anayeogopa sufuria kuungua kuliko anavyoogopa mzee kunyamaza amekosea mizani.

Ufunguo nao ni jembe. Chumba ambacho mtu yeyote huingia bila hodi si chumba cha mtu. Kadhalika fedha. Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016 kwa wazee waliofikia umri wa miaka 70, kwa fedha za Serikali yenyewe na bila ya kuangalia kama mzee aliwahi kuajiriwa. Kiwango cha kwanza kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Si fedha nyingi. Aliye na shilingi zake mfukoni, hata hivyo, humnunulia mjukuu wa jirani andazi, huchangia msiba, humtuma kijana dukani na kumwambia abaki na chenji. Mzee wa namna hiyo huamkiwa shikamoo kwa sauti nyengine. Makaazi yanayomshikia mzee fedha zake "kwa usalama" yafikirie yanamshikia nini zaidi ya fedha.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha Kanuni za Wazee mwezi wa Disemba 1991 uliziweka katika mafungu matano: kujitegemea, kushiriki, kutunzwa, kujiendeleza na kuheshimiwa. Kutunzwa kumekuja nafasi ya tatu. Katika ofisi nyingi fungu hilo ndilo pekee linalokasimiwa fedha.

Sasa ielezwe kwa uwazi kwamba kuishi pamoja si pepo. Wazee hugombana. Hugombania kivuli cha mwembe, zamu ya bomba, sauti ya redio, na nani alimwambia nani nini mwaka uliopita. Wageni wakisikia ugomvi huo hudhani makaazi hayana utulivu. Kwa hakika ni dalili njema, kwa kuwa mtu hagombani mahali asipopaona kuwa pake. Kinachotakiwa ni kamati ya wazee wenyewe, wanaume na wanawake, iliyochaguliwa na si kuteuliwa, yenye uwezo wa kuamua mambo halisi: saa za kufunga mlango, aina ya chakula cha Ijumaa, nani ahamie chumba kilichowazi. Kamati inayoitwa kusaini tu haitamaliza ugomvi wowote.

Aidha, mke na mume wasitenganishwe kwa sababu chumba cha wanaume kiko huku na cha wanawake kule. Na wajane wawili wakitaka kuoana, vijana wa ofisi wasicheke.

Maradhi yanataka maarifa zaidi ya huruma. Mzee anayesahau jina la mwanawe, anayetoka usiku kutafuta nyumba iliyobomolewa zamani, si mkaidi wala si mchawi. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina la kitaalamu na una namna ya kuutunza. Wenzake humtunza vizuri wakielezwa. Mengi mengine ni kazi ya fundi zaidi ya daktari: kipini cha kushikia chooni, kiti juu ya tundu la choo kwa mwenye magoti mabovu, taa njiani, ngazi iondolewe iwekwe mteremko. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga mara nyingi hasimami tena kama zamani.

Hapo ndipo Goba inarudi katika mazungumzo. Vyumba vitupu viko tayari, na vyoo viko ndani. Majirani watatu wenye nyumba kubwa na watoto walio mbali wanaweza kuafikiana kuhamia katika nyumba moja iliyo tambarare, kuajiri mpishi mmoja na muuguzi wa kuja kwa siku maalumu, kupangisha nyumba mbili zilizobaki, na kodi ikawa ndiyo gharama ya maisha yao. Mwenyekiti wa mtaa na baraza la wazee la kata washirikishwe, na makubaliano yaandikwe mbele ya watoto ili pasiwe na maneno ya mirathi baadaye. Ukuta wa mbele ukivunjwa kiasi cha dhiraa chache, pakajengwa baraza ya saruji yenye paa, wapita njia watafanya sehemu kubwa ya kazi bila ya kulipwa. Jambo hili halihitaji msaada wa nje. Linahitaji mtu wa kwanza asiyeogopa kuambiwa kwamba watoto wake wamemshinda.

Kwa Visiwani, Sheria ya Masuala ya Wazee ya mwaka 2020 imekwishaweka msingi. Kazi iliyobaki kwa watumishi wanaohusika ni ya mambo madogo madogo yaliyotajwa, ambayo hayaandikwi katika sheria. Mwananchi wa kawaida naye anayo nafasi. Aende Sebleni au Welezo siku ya Jumanne isiyo na sikukuu, bila ya mpiga picha, aketi saa moja na kuulizwa habari za mjini. Akiweza, apeleke ukili, uzi wa kushonea kofia, au bao na kete zake kamili.

Imebaki jambo moja ambalo makaazi mengi huona haya kuliuliza siku mzee anapopokewa. Aulizwe, kwa adabu na faraghani, angependa azikwe wapi, nani apelekewe habari, na nani katika wenzake amkoshe au amsomee. Waislamu na Wakristo huishi pamoja katika nyumba hizi, na kila mmoja ana utaratibu wake. Majibu yaandikwe katika daftari, yasomwe upya kila mwaka mbele ya mwenyewe, kwani rafiki wa mwaka juzi anaweza akawa ametangulia, na mzee akataka kutaja jina jengine.