Daftari Mkononi mwa Mwanafunzi

Leo twapenda kuzungumza juu ya swali limgusalo kila mzazi: mtoto amalizapo masomo yake, je, aweza kununua na kuuza bila kupoteza mtaji wake?

Natuanzie sokoni, kwa mfano. Mama mmoja alinunua tenga la nyanya kwa shilingi 30,000, akaziuza zote kwa shilingi 38,000. Akasema moyoni, "Nimepata faida ya shilingi 8,000," akazitumia zote kwa mahitaji ya nyumbani. Walakini katika fedha zile za mauzo alikuwa amekwisha kutoa shilingi 3,000 za kuchukuliwa mzigo, na shilingi 1,000 za ushuru wa soko. Basi faida yake ya kweli ilikuwa shilingi 4,000 tu. Zile 4,000 nyingine alizokula zilikuwa mtaji. Kesho yake hana 30,000 tena, ana 26,000. Akiendelea hivyo, baada ya safari chache meza yake itakuwa tupu, na jirani watasema kwamba hana bahati. Wazee walinena kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Pengine nyumbani mwa mama huyo yumo kijana hodari wa hesabu, awezaye kukokotoa faida kwa asilimia ubaoni. Hakuna aliyemwambia kwamba hesabu ile ya ubaoni ndiyo hii ya tenga la mama yake. Kasoro hiyo ndiyo tutakayo iondolewe, kwa kufundisha katika shule zote elimu ya kuanzisha kazi na kuiendesha, ambayo siku hizi huitwa ujasiriamali.

Jambo hili si ndoto. Katika nchi ya Rwanda somo hili lilifanywa la lazima katika shule za sekondari, na tangu mwaka 2016 mtaala mpya ulianza kutumika, unaomtaka mwanafunzi atende, asikariri tu. Wataalamu wawili, Moussa Blimpo na Todd Pugatch, walichunguza shule zaidi ya 200 za huko, wakachapisha habari zao mwaka 2021. Waliona kwamba pale walimu walipozoezwa kufundisha kwa vitendo, wanafunzi wengi zaidi waliingia katika biashara. Hata hivyo, waliopata kazi za mshahara walipungua, na kwa jumla mapato yao hayakuzidi.

Twawaambieni hayo waziwazi, maana hatupendi kuwauzia maneno matamu. Somo hili peke yake halileti mali. Mwenye kujua daftari bado ahitaji mtaji, barabara na wanunuzi. Walakini asiyejua daftari, hata akipewa vyote hivyo, atavipoteza.

Wengine husema, "Shule si duka, mtoto asome vitabu." Sisi twajibu kwamba daftari la hesabu nalo ni kitabu, na kuliandika kwa uaminifu ni adabu. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule ya Tanzania iwe pia mahali pa kuzalisha mali, na wanafunzi washiriki katika kuipanga kazi. Jembe bila kushiriki ni kibarua tu. Mtoto alimaye shamba la shule asijue mbegu zilinunuliwa kwa kiasi gani, wala mavuno yaliuzwa kwa kiasi gani, amefunzwa kuchoka, hakufunzwa kazi.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kila shule iwe na kazi moja ndogo, ikiwa ni bustani ya mboga au banda la kuku. Daftari lake lishikwe na wanafunzi wenyewe kwa zamu, chini ya uangalizi wa mwalimu. Na mwisho wa muhula lisomwe mbele ya wazazi, faida na hasara pia, pasipo kuficha.

Nanyi wazazi, msingoje mpaka hapo. Usiku wa leo mpeni mtoto kalamu, mtajieni mlivyonunua, mlivyouza na mlivyotoa njiani. Aandike, ajumlishe, awasomee. Huenda mkagundua mlikokuwa mkivuja.