Mashindano ya Makasia Huanza Nchi Kavu

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mashindano ya kuvuta makasia. Hatutasema sana juu ya nguvu za mikono, wala juu ya ufundi wa kukata maji, maana wengi wenu mliozaliwa pwani na kando ya maziwa mwayajua hayo kutushinda sisi. Twataka kusema juu ya safari yenyewe: jinsi kundi la wavuta makasia linavyotoka kwao pamoja na chombo chake, likafika mahali pa mashindano, likalala, likala, likashindana, kisha likarudi kwao salama na vyombo vyake vyote. Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo madogo." Nasi zamani tulidhani hivyo, mpaka mambo hayo madogo yalipotuaibisha mbele ya watu.

Miaka mingi imepita tangu chuo chetu cha waalimu kilipoalikwa kushindana na shule moja iliyo ng'ambo ya hori. Tulichagua vijana 6, tukawafundisha kwa muda wa miezi 3, kila siku alfajiri kabla ya masomo. Mashua yetu ilitangulia siku moja mbele, ikivutwa na jahazi. Sisi na vijana tukafuata kwa lori pamoja na makasia. Tulipofika pwani tulikuta watu wamejaa, wengine wametoka vijiji vya mbali. Makasia yote 6 yalikuwapo, yamepakwa mafuta yanang'aa. Lakini vishwara havikuwapo. Vilikuwa vimetundikwa msumarini ghalani, kule kule nyumbani.

Kwa ajili ya ninyi mkaao mbali na bahari, kishwara ni kitanzi cha kamba kinachoshika kasia ubavuni mwa mashua. Pasipo kishwara, kasia huteleza, na mvutaji hana mahali pa kuegemeza nguvu zake. Basi tuliomba kamba za makumbi kwa wavuvi, tukafunga upesi upesi, na mashua ikaingia majini. Kabla ya nusu ya safari kamba mbili zilikatika. Vijana wawili walianguka chali, mashua ikapinda na kukaa kikingamo, na wenzetu wakatupita huku watu wakipiga vigelegele, wala si kwa ajili yetu.

Alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa ametembea tangu kabla ya mapambazuko ili amwone mjukuu wake akivuta kasia. Mzee yule hakucheka. Alitujia polepole akatuuliza, "Mwalimu, makasia mmeyaleta, vishwara mlimwachia nani?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa kweli hatukuwa tumemwachia mtu ye yote. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amevichukua. Wahenga walisema: Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Sisi tulikuwa na chombo, tukazisahau nyenzo.

Aibu ile ilitufanya tuulize jinsi wenzetu wafanyavyo mahali ambapo mashindano haya yamekuwa desturi ya siku nyingi. Hapana mahali palipo mashuhuri zaidi kuliko mji wa Henley-on-Thames, nchini Uingereza, ulio magharibi ya London. Watu walianza kushindana hapo mwaka 1839, na tangu mwaka 1851, Prince Albert alipokubali kuwa mlezi wake, mashindano hayo yameitwa ya kifalme. Hufanywa katika mto Thames wakati wa kiangazi cha huko, na siku hizi huchukua siku 6. Njia yake ina urefu wa maili 1 na yadi 550, yaani meta 2,112, na mashua huenda kinyume cha mkondo wa mto.

Jambo moja la Henley lafaa kuangaliwa sana. Mashindano mengi makubwa ya mataifa huwa na njia 6 majini, na mashua 6 huondoka pamoja. Huko Henley mto ni mwembamba, kwa hiyo mashua hushindana mbili mbili tu. Anayeshindwa hufunga mizigo yake na kwenda zake. Anayeshinda hurudi tena kushindana na mwingine, mpaka abaki mmoja. Fikirini basi maana yake kwa mwenye kutunza safari. Hawezi kujua kama watu wake watahitaji chakula na malazi ya siku moja au ya siku 6. Lakini hana budi kutengeneza ya siku zote, kwa sababu kundi lisiloweka fedha za siku ya mwisho limekwisha kujihesabu kuwa limeshindwa.

Sasa na tutazame mambo yenyewe, moja moja.

La kwanza ni chombo. Mashua ya watu 8 ya siku hizi ni nyembamba mno, na urefu wake hukaribia meta 18, hali uzito wake wapata kilo 96 tu. Chombo kirefu namna hiyo hakichukuliki kwa urahisi barabarani. Kwa hiyo wengi hukigawanya vipande, wakavifunga juu ya tela linalovutwa na motakaa. Mikono ya chuma ishikayo makasia hufunguliwa yote, na kila mkono hutiwa alama ili urudi mahali pake. Mwishoni mwa mashua hufungwa kitambaa chekundu, ili anayekuja nyuma aone. Wafikapo, huiunga tena mashua kwa parafujo na nati. Ndiyo sababu mtu mwenye akili hachukui spana moja. Huchukua kadha wa kadha, hasa za milimita 10 na 13, pamoja na nati za akiba, kwani nati ikianguka majanini haionekani tena. Na kazi hiyo hufanywa siku moja kabla ya mashindano, kisha mashua hujaribiwa majini. Asubuhi ya mashindano si wakati wa kutafuta spana.

La pili ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila kitu kitakachosafiri: mashua, makasia, vishwara, usukani, chombo cha kukumbia maji, kamba, nguo, sufuria, dawa ya vidonda. Mbele ya kila kitu liandikeni jina la mtu mmoja. Twasema mtu mmoja, maana kitu cha watu wawili hakina mwenyewe. Orodha hiyo isomwe kwa sauti mara tatu: mnapotoka nyumbani, mnapofika, na mnapoanza kurudi. Mtu aitikie tu wakati mkono wake umekwisha kukigusa kitu kile. Asiseme, "Nadhani kipo."

La tatu ni kiongozi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni safari tu, asiyevuta kasia siku ile. Yeye ndiye aendaye kwa waamuzi kupokea maagizo na nambari ya mashua. Yeye ndiye aulizaye njia ya majini: mashua ziendazo mwanzoni zapita upande gani, na zirudizo zapita upande gani. Kila mahali pa mashindano pana kanuni yake, na asiyeijua huweza kugongana na wenzake. Waamuzi wanapowakusanya washika usukani wote, mshika usukani wenu asikose hata kidogo. Na akumbuke mizani pia. Kanuni za mataifa zataka mshika usukani asipungue kilo 55. Akipungua, hujaliza kwa mzigo mfu, kama mfuko wa mchanga, usiozidi kilo 15, naye huukalisha karibu yake chomboni. Basi mfuko huo nao uandikwe katika daftari.

La nne ni saa. Hesabuni saa kinyumenyume, kutoka mashindano mpaka kitandani. Tuseme mmepangiwa saa 5 asubuhi. Kanuni za mataifa zataka mashua iwe imekwisha kukaa mahali pake dakika 2 kabla ya kuondoka. Ili kufika hapo mkiwa mmepasha miili moto, yafaa muingie majini kama dakika 45 mbele. Kabla ya hapo mwahitaji nusu saa ya kukagua kila parafujo na kuibeba mashua. Chakula kiwe kimeliwa saa 2 au kabla yake, ili tumbo lisiwe zito. Ndipo mtajua mwapaswa kuamka saa ngapi, na kulala saa ngapi. Ziandikeni saa hizo katika karatasi, kila mtu azione. Mwenye kuanza kuhesabu tangu kitandani hujikuta siku zote amechelewa.

La tano ni chakula na malazi. Mwenye kushindana asijaribu chakula kigeni siku ile, hata kama wenyeji ni wakarimu. Ale alichozoea, kama vile uji, wali, viazi au ndizi, wala asishibe kupita kiasi. Maji safi ya kunywa yachukuliwe kwa wingi, kwa kuwa watu hukaa juani muda mrefu wakingoja zamu. Malazi yaulizwe mapema kwa barua, tena mwandike idadi ya watu wote, pamoja na mpishi na dereva. Tumepata kuwaona madereva wakilala chini ya lori kwa sababu hapana aliyewahesabu. Na asubuhi watu wale wale huambiwa wachukue roho za watoto barabarani.

La sita, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni maisha ya watu. Asiyejua kuogelea asipandishwe mashuani, hata awe na nguvu za simba. Mashua ikipinduka, kila mtu aishike, asijaribu kuogelea pwani peke yake, maana mashua huelea na huonekana kwa mbali. Radi ikilia, watu watoke majini. Katika mashua za siku hizi miguu hutiwa katika viatu vilivyofungwa chomboni, na kanuni yataka visigino vizuiwe kwa kamba, ili mtu aweze kuchomoa miguu yake pasipo kutumia mikono. Tena omoni huwekwa mpira mdogo mweupe, usiopungua sentimita 4 upana wake, ili ncha ya mashua isimchome mtu ikigonga. Vitu hivyo ni vidogo sana, kama kishwara kilivyo kidogo. Lakini kamba ya kisigino ikisahauliwa, hasara yake si aibu tu.

Wasikilizaji wetu, huenda wengine miongoni mwenu wasivute kasia maisha yao yote. Hata hivyo mtasafiri na timu ya mpira, au na kwaya, au na wagonjwa waendao hospitali. Tunaona kwamba mambo haya ni yale yale: mtu mmoja kwa kila kitu, orodha inayoguswa kwa mkono, na saa zinazohesabiwa kutoka mwisho.

Mwaka wa pili tulialikwa tena ng'ambo ile ile ya hori. Safari hii kila kijana alikuwa na jina lake katika daftari, na vishwara vilikuwa 8, yaani 6 vya kazi na 2 vya akiba. Kijana aliyepewa kuvitunza alivivaa shingoni njia nzima kama shada la maua, na wenzake wakamcheka, lakini hakuvivua. Mzee yule alikuja tena. Kabla ya mashua kuingia majini aliomba ruhusa, akainama, akavivuta vishwara kimoja kimoja kwa kidole chake, mpaka vyote 6. Kisha akatutazama akasema, "Haya. Leo mmekuja."

Hatukushinda. Wenzetu walitutangulia kwa urefu wa mashua moja. Lakini tulishindwa na watu waliovuta vizuri kuliko sisi, wala hatukushindwa na msumari wa ghalani. Vijana wetu walishuka pwani wakiwa wamechoka na vichwa vyao juu, wakaenda kuwapa mkono waliowashinda. Kisha, kabla hata ya kunywa maji, walisimama mstari wakaisoma orodha kwa mara ya tatu. Hapana kitu kilichopungua.