Nani Aogelee Nini: Haki katika Kuwapangia Watoto Mashindano ya Kuogelea Pwani ya Tanga

Rio de Janeiro, mwaka 2016, Hilal Hilal na Magdalena Moshi waliiwakilisha Tanzania kwenye Olimpiki, na wote wawili waliogelea mita 50 mtindo huru. Paris, mwaka 2024, Sophia Latiff aliogelea mita 50 na Collins Saliboko mita 100. Mtindo huru tena. Kwa nchi isiyo na mwogeleaji aliyefikisha muda wa kufuzu, shirikisho la dunia hutenga nafasi za upendeleo, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mlango ukiwa mwembamba kiasi hicho, makocha huwaelekeza watoto kwenye masafa mafupi mapema sana, na mtoto anayefaa kwa kitu kingine huonekana hafai kabisa.

Mjadala wa haki kwa kawaida huanzia kwenye jina: kwa nini mtoto wa fulani amepangwa na wangu ameachwa? Mada hii inapendekeza kuanzia nyuma zaidi, kwenye orodha ya mashindano yenyewe. Orodha ikishaandikwa, nusu ya washindi wamekwisha kuchaguliwa.

Bwawa la mita 25 linaonyesha hilo vizuri. Mbio za mita 50 humo zina kuruka mara moja na kugeuka ukutani mara moja, na sehemu kubwa ya ushindi wa mtoto hupatikana katika vitendo hivyo viwili. Vyote hufundishwa palipo na bwawa. Kwa miaka mingi mashindano ya taifa yamefanyika kwenye mabwawa ya shule za kimataifa za Dar es Salaam, hasa la IST Masaki. Mtoto wa pwani ya Tanga, wa Sahare, Mwambani au Kigombe, kajifunza baharini. Hana ukuta wa kujisukumia wala mstari mweusi wa kufuata chini ya maji. Anachokijua ni kupumua kati ya mawimbi, kuinua kichwa kutafuta alama ya nchi kavu, na kuusoma mkondo wakati maji yanapokupwa. Akiwekwa kwenye mita 50 za bwawani, ujuzi wake wote hauna pa kuonekana.

Historia ya mchezo wenyewe inathibitisha kwamba orodha hupangwa na watu na hubadilishwa na watu. Wanaume walianza kuogelea mita 1500 kwenye Olimpiki mwaka 1908. Wanawake walizipata Tokyo, mwaka 2021. Jason Dunford wa Kenya alitwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi, mwaka 2010, lakini shindano hilo halikuwamo kwenye Olimpiki. Litaingia Los Angeles mwaka 2028. Oussama Mellouli wa Tunisia alishinda mita 1500 bwawani Beijing mwaka 2008, na miaka minne baadaye akashinda kilomita 10 katika ziwa la bustani ya Hyde Park, London. Hizo kilomita 10 zilikuwa zimeingizwa kwenye ratiba mwaka huohuo wa 2008. Afrika ina watu wa masafa marefu, na pwani ya Tanga ina maji ya kuwalea.

Baada ya orodha ndipo yanapokuja majina. Marekani, ambako vilabu vya mitaa huendesha ligi za watoto kila likizo ya kiangazi, mtoto huruhusiwa mashindano machache tu ya binafsi, mara nyingi mawili au matatu, na timu hukusanya pointi. Hapo kocha hushawishika. Msichana wa miaka tisa aliye hodari wa kipepeo huhamishiwa mtindo wa chura kwa sababu wapinzani wa chura ni dhaifu mwaka huo, na mwenzake aliyefanya mazoezi ya chura msimu mzima hubaki kupiga makofi. Kwa kijana wa miaka 17 anayeielewa timu yake, hesabu hiyo inakubalika. Kwa mtoto wa miaka tisa haikubaliki: pointi moja ya klabu haifidii mtoto anayeacha kuja mazoezini.

Tanga ina ugumu wake pia. Wakati wa bamvua, maji ya Raskazone hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Likizo ya Juni huangukia msimu wa kusi, ile ya Desemba huangukia kaskazi. Muda aliopata mtoto Jumamosi ya maji mafu hauwezi kulinganishwa na wa mwenzake aliyeogelea Jumamosi ya bamvua, hata saa ya kupimia iwe nzuri vipi. Mchujo wa baharini ufanywe siku moja, maji yaleyale, na waingie kwa nafasi waliyomaliza, muda usihesabiwe.

Umri nao huficha upendeleo. Tafiti za hoki ya barafu nchini Kanada katika miaka ya 1980 zilionyesha kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walijaa kwenye timu teule, kwa sababu tu walikuwa wakubwa kidogo kuliko wenzao wa kundi moja. Kwa watoto wa miaka minane, miezi kumi ni tofauti kubwa ya mabega.

Kuhusu wasichana, mradi wa Panje kule Nungwi umefundisha kuogelea wasichana wa Kizanzibari wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima, na picha zao zilitunukiwa katika tuzo za World Press Photo mwaka 2018. Kanuni za kimataifa zilizoanza 2010 zinataka vazi la mwanamke la mashindano ya bwawani liishie kati ya bega na goti. Mashindano ya likizo ya mkoa hayalazimiki kufuata kipimo hicho, na ruhusa iandikwe kwenye barua ya mwaliko, ili msichana wa Ngamiani asiulizwe mavazi yake akiwa tayari yuko ufukweni.

Kwa likizo ya Juni ijayo, pendekezo ni kila mtoto apate mashindano mawili ya binafsi na moja la kupokezana. Moja la binafsi achague mwenyewe, la pili apangiwe na kocha, na anayebadilishwa aelezwe sababu yeye kwanza, kabla ya mzazi. Majina yabandikwe wiki moja kabla, shuleni na ufukweni, ili malalamiko yasikilizwe muda ungalipo. Kwa walio na miaka 12 na kuendelea, mita 400 za baharini ziingie kwenye orodha zikiwa na pointi sawa na mita 50. Zinahitaji maboya, kamba, ngalawa zenye waokoaji, jedwali la kupwa na kujaa, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuahirisha kusi likizidi.