Bei Njoo Inboksi: Uhusiano wa Umma kwa Mfanyabiashara Mdogo

Wafanyabiashara, mmefunga maduka mapema ili mje kunisikiliza. Najua kufunga duka saa kumi na moja jioni ni hasara, maana ndipo watu wanapotoka kazini na hela mfukoni. Nitajitahidi isiwe hasara ya bure.

Taaluma ninayoifundisha, uhusiano wa umma, ilikulia relini. Tarehe 28 Oktoba 1906, treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad iliacha njia darajani karibu na Atlantic City, Marekani. Mabehewa yalitumbukia majini, watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli siku zile ilikuwa kuficha ajali kadiri inavyowezekana. Ivy Lee, mwandishi wa habari aliyegeuka mshauri wa makampuni, alishauri kinyume chake: waandishi wapelekwe kwenye ajali, waone, waulize, wajibiwe. Mwaka huohuo alikuwa ametoa tamko lake la misingi, akiahidi kuupa umma habari sahihi, upesi, bila kificho. Lee mwenyewe hakuliishi tamko hilo. Baada ya mauaji ya wachimba makaa huko Ludlow mwaka 1914, aliwatetea akina Rockefeller, waliomiliki kampuni ya machimbo hayo, kwa vijarida vilivyokuwa na takwimu za uongo. Ila wazo lilikuwa limeshatoka, na wazo zuri halifi kwa sababu mwenyewe amelisaliti.

Tangu hapo mifano yetu darasani imekuwa ya wakubwa. Kila mwanafunzi wangu anaijua habari ya Chicago mwaka 1982, watu saba walipokufa kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu, nao Johnson & Johnson wakaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31. Ni mfano mzuri. Lakini muuza viatu wa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, Dar es Salaam, afanye nini nao? Hana chupa milioni 31, hana afisa uhusiano, na akisikia maneno "uhusiano wa umma" anawaza suti na kamera za televisheni.

Mimi nasema yeye ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi. Katika kampuni kubwa aliyekosea ni mmoja, mwenye uamuzi wa kurekebisha ni mwingine, na anayetumwa kusema ni wa tatu ambaye mara nyingi hajui kilichotokea. Katika duka dogo wote hao ni mtu mmoja, na simu iko mkononi mwake. Jibu ambalo benki italiandaa kwa siku tatu, yeye anaweza kulitoa kabla chai haijapoa.

Nafasi hiyo anaitumiaje? Anaandika: "Njoo inboksi."

Mnacheka kwa sababu mnajijua. Mtu ameweka picha ya kiatu Instagram, wateja wanauliza bei mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anajibiwa vilevile. Nimewauliza wafanyabiashara kwa nini, na sababu zao si za kipuuzi. Mpinzani asijue bei. Wa jumla asione bei ya rejareja. Mteja akishaingia faragha ni rahisi kumshawishi. Na sababu ya mwisho, ambayo huja kwa sauti ya chini: bei inategemea anayeuliza.

Mtaniambia hata Kariakoo bei haibandikwi, watu wanapatana. Kweli. Lakini dukani mnapopatana, kuna mwingine amesimama nyuma yako anasubiri zamu yake, masikio wazi. Amesikia ulivyoanza na ulivyoishia. Yule ni shahidi, na kwa sababu yake muuzaji anajizuia kidogo. Inboksi imemwondoa shahidi.

Kama yangeishia kwenye bei, nisingewatoa madukani. Tatizo ni kwamba mkono uliozoea kuficha bei huficha na malalamiko. Mteja anaandika hadharani kwamba mzigo aliolipia haujafika. Anajibiwa, "Njoo inboksi dada." Akirudia, maneno yake yanafutwa. Akirudia tena, anazuiwa. Muuzaji analala akidhani amemaliza ugomvi na mtu mmoja. Hakuwa akizungumza na mtu mmoja. Kuna mamia waliosoma bila kuandika chochote, na wengi wao walikuwa wanakaribia kununua. Hao ndio umma, na kwa macho yao swali limeulizwa na jibu halipo.

Tuchukue mwoka keki wa Mbagala aliyechelewesha keki ya harusi. Akiniomba ushauri, nitamwambia aandike palepale alipolaumiwa: "Ni kweli dada, keki ilitakiwa saa sita, ikafika saa kumi. Umeme ulikatika nami sikuwa na gesi ya akiba. Nusu ya hela nimeirudisha leo. Kuanzia sasa keki za Jumamosi naoka Ijumaa." Basi. Hakuna "tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza", sentensi ambayo haijawahi kumtuliza mtu yeyote. Yanayobaki faragha ni namba ya simu ya mteja, mahali anapoishi na picha ya muamala wake. Hayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nanyi mnaobandika sura za wadaiwa sugu mtandaoni, isomeni sheria hiyo kabla hawajaisoma wao.

Kujitaja hadharani si jambo geni kwetu. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zake zikawa na alama ya "Mali ya Abdulla". Doa likitokea au rangi ikichuja, mnunuzi aliye mbali alijua wa kumlaumu. Leo ukurasa ukichafuka unafutwa, unafunguliwa mwingine wenye jina jipya na picha zilezile.

Kuhusu chawa wa kulipwa sitasema mengi. Anayekusifu kwa pesa atamsifu na jirani yako wiki ijayo, na wateja wanajua. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Umma wa pili ambao wadogo wanausahau ni serikali. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kikosi kazi cha kodi na usajili wa stoo. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao viwanja vya Mnazi Mmoja, wakapokezana kipaza sauti. Manung'uniko yale hayakuzaliwa siku ile. Yalikuwa yakisemwa vibarazani na kwenye makundi ya WhatsApp. Yaliposemwa hadharani, na wenye maduka wenyewe, ndipo hata sisi tusio na duka tulipoanza kuelewa kinachobishaniwa. Sisemi kila aliyeshika kipaza sauti alikuwa na haki. Nasema aliweza kujibiwa, na mnong'ono haujibiki.

Ombi langu kwa kitivo ni moja. Wanafunzi wetu wa uhusiano wa umma wanapokwenda mafunzo kwa vitendo tunawapeleka wizarani na kwenye mabenki, ambako wanaishia kupanga mafaili na kukata vipande vya magazeti. Tuwapeleke Kariakoo, Mwanjelwa ya Mbeya na Kilombero ya Arusha, mwanafunzi mmoja duka moja, kazi yake iwe kujibu malalamiko kwa jina la mwenye duka, naye mwenye duka awe anasoma kila jibu kabla halijatoka. Wenye maduka mlioko ukumbini tayari mmeniambia mtawapokea. Kilichobaki ni nauli na chakula cha mchana, na kuhusu hilo bado tunabishana na idara ya fedha.