Kazi ya Wazazi ni Urithi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku kila kiumbe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa Miyuji, nanyi mnaotusikiliza majumbani na shuleni, naiusia nafsi yangu na nakuusieni nyote kumcha Mwenyezi Mungu. Hotuba ya leo inahusu kazi za mikono za wazazi wetu, na yale yapasayo watoto kuyarithi kutokana nazo.

Mtume (S.A.W.) alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira, na kabla ya utume alifanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija. Ametufundisha ubora wa chakula alichokichuma mtu kwa mkono wake, akamtaja Nabii Daudi, aliyekula jasho lake. Sahaba Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Alianza kwa samli na jibini, na baadaye akawa miongoni mwa masahaba matajiri.

Sasa tutazame kwetu. Ardhi ya Dodoma ni kame. Mvua yake ni ya msimu mmoja, na pengine hukatika kabla nafaka haijakomaa. Katika ardhi hiyo wazazi wamelima uwele, mtama, karanga na alizeti, wakafuga ng'ombe na mbuzi. Akina mama wameamka kabla ya alfajiri kupika vitumbua vya kuuza. Hakuna aliyewaandikia barua ya ajira. Hata hivyo, sare, madaftari na ada zilitoka humo.

Leo kijana aliyesomeshwa kwa karanga za mama yake huona haya kuketi penye meza ile ile. Cheti kimo sandukuni mwaka wa tatu, naye angoja kuitwa. Hatusemi kwamba elimu haina faida, wala kwamba kuomba ajira ni kosa. Tunasema kwamba kungoja si kazi.

Mtu atauliza: mashamba yako wapi? Ni kweli. Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu, na mwaka 2018 ikapewa hadhi ya jiji. Mashamba mengi ya kandokando yamegeuka viwanja. Basi huenda kijana asirithi shamba. Na arithi mwenendo, nao una mambo matatu.

La kwanza ni mbegu. Mkulima mwenye busara haili mbegu hata wakati wa njaa. Mtaji ndio mbegu ya mfanyabiashara, na faida ndiyo chakula chake. Anayenunua simu kwa fedha za mtaji amekula mbegu.

La pili ni kipimo. Wakulima wetu wameumizwa na lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake na kulipwa bei ya gunia moja. Aliyeona baba yake akidhulumiwa hivyo asije akawa mnunuzi wa lumbesa. Surat Al-Mutaffifin inatosha kuwa onyo.

La tatu ni deni. Epukeni riba. Sheria ya mwaka 2018 ilizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jiungeni katika vikundi, ulizeni, na mkikopa, rudisheni kwa wakati.

Nanyi wazazi, msiwafiche watoto hesabu. Mtoto anayetumwa kuuza bila kujua bei ya kununulia hujifunza kutumwa, hajifunzi biashara. Wala biashara isimwondoe darasani.

Ndugu Waislamu, Surat Al-Jumua inatuamrisha tukimaliza sala tutawanyike katika ardhi, tutafute fadhila za Mola wetu huku tukimkumbuka sana. Leo, baada ya sala, kila kijana na amuulize mzazi wake alianzaje, alianza na kiasi gani, na alifanya nini mwaka mvua ilipokatika.

Ewe Mola wetu, turuzuku riziki ya halali, wabariki wazazi wetu walio hai, na uwarehemu waliotangulia. Amin.