Kidonge kimoja, dawa mbili: tahadhari kwa wagonjwa wa shinikizo la damu

Mazungumzo ya mfamasia na kamati za afya za parokia pamoja na wafadhili, Buhongwa, Mwanza



Nimeombwa nizungumzie dawa mseto za shinikizo la damu, yaani vidonge vyenye dawa mbili ndani yake, na wakati mwingine tatu. Nimekubali kwa furaha, kwa kuwa vidonge hivi vinazidi kuonekana mikononi mwa wazee wetu, na ninyi ndio mnaowatembelea majumbani kabla sisi hatujawaona.

Neno mseto si geni kwenu. Mseto wa malaria tumeuzoea tangu miaka ya 2006 na 2007 ulipochukua nafasi ya SP. Lakini mazoea hayo yanatuponza. Mseto wa malaria unanywewa siku tatu, mgonjwa amepona, habari imekwisha. Mseto wa presha hauna siku ya kumaliza. Presha ikishuka chini ya 140/90 imeshuka kwa sababu dawa imo mwilini. Ukiiacha, presha inarudi, tena kimyakimya bila homa wala maumivu. Afadhali tuufananishe na dawa za ARV, ambazo nazo siku hizi ni kidonge kimoja chenye dawa tatu, kila siku, uwe unajisikia vizuri au vibaya.

Kwa nini dawa mbili? Mwili hupandisha presha kwa njia zaidi ya moja, na dawa moja ikiziba njia hii, mwili hutafuta nyingine. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu. Losartani huzuia kemikali ya mwilini inayoikaza. Haidroklorothiazidi, ile tuliyozoea kuiita dawa ya kukojoza, hutoa maji na chumvi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya namna hii katika orodha yake ya dawa muhimu, na mwaka 2021 likashauri wagonjwa wengi waanzishiwe dawa mbili, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Mwaka huohuo wa 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, wakiwemo majirani zetu wawili wa ziwa hili, Kenya na Uganda. Ulionyesha kwamba kwa watu weusi, mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake ulishusha presha vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Basi kidonge chenyewe ni kitu chema, na sikuja hapa kuwatisha watu.

Shida yake ni kwamba kinaficha kilichomo. Chukulia mzee wetu mmoja ambaye amekuwa akinywa amlodipini ya miligramu 10. Daktari anaona haitoshi, anambadilishia mseto wa amlodipini 5 na losartani 50. Mzee anapokea boksi jipya lenye jina jipya la kampuni. Nyumbani bado ana vidonge vya zamani, vilinunuliwa kwa fedha, na yeye si mtu wa kutupa mali. Anakunywa vyote. Sasa anapata amlodipini miligramu 15 kwa siku, wakati kiwango cha juu ni 10. Miguu inavimba, kichwa kinazunguka, asubuhi moja anainuka kitandani ghafla na kuanguka. Watoto wanasema dawa mpya ni mbaya, wanamwachisha zote. Hapo tumempoteza mara mbili.

Kwa hiyo jambo ninalowaomba kuliko yote ni hili: mnapomtembelea mgonjwa wa presha, mwambieni alete dawa zake zote pamoja, za hospitali, za dukani na za mitishamba, aziweke kwenye mfuko mmoja na kwenda nao kliniki. Msizichambue ninyi. Mulizeni swali moja tu: “Baba, ulipopewa hii mpya, walikuambia uache ipi?” Kama hajui, huyo arudi kwa aliyemwandikia mapema, asisubiri tarehe ya kliniki.

Jina la kampuni ni lile kubwa kwenye boksi. Majina ya dawa zenyewe huandikwa kwa herufi ndogo chini yake, na hayo ndiyo ya kusoma. (Nayatamka kama tunavyotamka hapa, tahajia ya boksi itatofautiana kidogo.) Tarakimu kama 5/50 au 50/12.5 ni miligramu za kila dawa, si idadi ya vidonge. Herufi H au HCT baada ya jina humaanisha kwamba ndani mna dawa ya kukojoza, na hiyo inywewe asubuhi, isipokuwa kama daktari ameagiza vingine. Anayepanda daladala kutoka Buhongwa kwenda mjini atapanga mwenyewe saa inayomfaa. Akisahau, anywe akikumbuka siku hiyohiyo. Kesho yake asinywe viwili kufidia. Na wanaofunga Kwaresima, kidonge na maji yake havivunji mfungo, muulizeni Baba Paroko yuko hapa.

Nasisitiza kuhusu kina mama ambao bado wanazaa. Losartani na ndugu zake, pamoja na lisinopri, enalapri na kaptopri, zinaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni, hata kumuua. Mama anayetumia mseto wenye dawa hizo akitaka kushika mimba, aseme mapema abadilishiwe. Akikosa siku zake, aende kliniki haraka, asingoje kuanza mahudhurio ya wajawazito. Ndiyo maana kumgawia dada au jirani kidonge chako “kwa sababu naye ana presha” ni hatari, hata kama umefanya kwa upendo.

Dawa za maumivu nazo tuziangalie. Wazee wetu wana magoti, na duka la dawa muhimu liko jirani, diklofenaki na ibuprofeni hazikosekani. Hizo hupandisha presha, na zikikutana na losartani pamoja na dawa ya kukojoza zinaweza kuangusha figo. Parasetamoli ni salama zaidi kwao. Mgonjwa akiharisha au kutapika sana, awahi kituo cha afya akaulize kama asimamishe dawa kwa muda, maana mwili uliokauka maji haustahimili mseto wa aina hiyo. Wanaotumia Septrini au dawa za kifua kikuu wamweleze daktari: ya kwanza ikiwa pamoja na losartani inaweza kupandisha potasiamu katika damu, na rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dawa za presha. Mdomo au ulimi ukivimba ghafla, huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Kuhusu chumvi, kayabo na magadi tumeshasema mara nyingi, leo nayapita.

Sasa fedha. Wakati mwingine kidonge cha mseto ni ghali kuliko dawa zilezile zikinunuliwa mbalimbali. Mgonjwa asione haya kumwuliza daktari au mfamasia kama anaweza kuandikiwa mbili tofauti zenye majina na miligramu zilezile. Zikinywewa zote mbili kila siku, kazi ni moja. Kibaya ni kununua moja na kuacha nyingine, au kukata mseto vipande ili ufike mwisho wa mwezi. Ukikosekana dukani, asikubali “unaofanana nao” kabla ya kuuliza.

Na kwenu wafadhili, mtaniwia radhi nikisema wazi. Msituletee vidonge vilivyobaki makabatini mwenu. Tangu mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani limekuwa na mwongozo wa misaada ya dawa: itolewe ile iliyoombwa, na ikifika iwe bado na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Boksi tano za mseto ambao haupatikani Mwanza humzoesha mzee dawa ya miezi mitano, kisha anaachwa njiani. Tunachohitaji ni mashine za presha zenye mikanda ya ukubwa tofauti, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya uongo. Nauli ya kufika Sekou Toure au Bugando kwa asiyejiweza. Na gharama ya kipimo cha figo na potasiamu kwa walioanzishiwa dawa hizi. Mgonjwa mpya anafaa kuonwa kila mwezi hadi presha itulie, kisha kila miezi mitatu hadi sita. Bajeti ya kamati ihesabiwe hivyo, kwa mwaka mzima, hata kama maana yake ni kuwahudumia wagonjwa wachache zaidi.

Mashine iko pale mezani. Tuanze na wazee, wakae dakika tano kwanza bila kuongea.