Utabiri wa Hali ya Hewa si Uganga, Unahitaji Bajeti

(Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa vijana wa chama, Kilwa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)



Najua wengine mlipoona kwenye ratiba kwamba nitazungumzia bajeti ya hali ya hewa mlicheka. Mmoja kaniuliza pale nje, "Kaka, siku hizi chama kinapiga ramli ya mvua?" Na ule utani mnaujua: TMA wakisema mvua, wewe anika nguo. Sawa, tucheke. Ila leo nataka tuache kidogo kuwacheka wataalamu, tuulize swali la kisiasa: hawa watu wanapewa nini cha kufanyia kazi? Utabiri si uganga. Ni vipimo, ni mashine, ni mishahara, ni umeme. Vyote hivyo ni pesa, na pesa hizo ni kodi zetu.

Tuanze na jinsi utabiri unavyopatikana. Kuna vituo vya ardhini vinavyopima joto, mvua, upepo na mgandamizo wa hewa. Kuna puto. Duniani kote, kwa utaratibu wa kimataifa, maputo hurushwa mara mbili kwa siku, kwa saa zetu ni usiku wa kuamkia asubuhi na alasiri, yakiwa yamefungwa kipimo kinachotuma taarifa hadi kilomita 30 hivi juu. Puto likipasuka, limekwisha, kesho unahitaji jingine. Kuna rada zinazoona mvua ikiwa bado mbali. Na kuna bahari. Hapo watu wa pwani nisikilizeni vizuri.

Mvua za vuli zinaanzia baharini. Bahari ya Hindi upande huu wetu ikipata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ikapoa, vuli yetu hufurika. Mwaka 2019 hali hiyo ilikuwa kali sana, na mnakumbuka mafuriko yaliyofuata. Ikigeuka, tunapata ukame. Kwa hiyo anayetaka kumwambia mkulima wa Dodoma apande lini, lazima ajue joto la maji ya bahari hii tunayovulia. Mtu anayesema sayansi ya bahari ni anasa ya wazungu, hajui ugali wake unatoka wapi.

Kuna wanaosema vimbunga si vya kwetu, ni vya Msumbiji na Madagaska. Jamani, historia ipo. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu. Pemba ikanusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 kimbunga kilipiga hapa kusini, Lindi. Aprili 2019 Kenneth kikapita jirani kabisa, kikaingia Cabo Delgado. Na Mei 2024 Hidaya kikatufikia wenyewe. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ikakatika hapa hapa Kilwa, magari yakalala njiani. Hilo sihitaji kuwasimulia, mlikuwepo.

Kwenye Hidaya tuseme ukweli, maana upinzani usiosema ukweli ni umbea tu. TMA walifuatilia na wakatangaza mapema, siku kadhaa kabla. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Wavuvi wengi walibaki nchi kavu. Hiyo ni kazi nzuri, na waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi. Serikali pia imenunua rada, hilo nalo tusilikatae. Lakini rada si sanamu ya kuzindua na kukata utepe. Rada inataka vipuri, umeme usiokatika, intaneti, na fundi mwenye mafunzo na mshahara. Ukinunua rada halafu ukabana fedha za matengenezo, umenunua mnara.

Sasa nije kwa mjomba wangu. Ni mvuvi, ana kitochi, hana bando. Anasikia redioni: "Angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani." Ananiuliza, "Baadhi ya maeneo ndiyo wapi? Songosongo au Kivinje? Saa ngapi? Nikirudi kabla ya adhuhuri niko salama?" Maswali yake ni ya haki kabisa. Anafahamu kusi na kaskazi kuliko mimi na wewe. Anachokosa ni taarifa ya mahali pake na saa yake. Na taarifa ya namna hiyo haipatikani kwa kumkaripia mtabiri. Inapatikana kwa kuongeza vituo, kuongeza vipimo baharini, na kuwa na mtu wa kuitafsiri na kuifikisha mwaloni kabla ngalawa haijaondoka. Mjomba asipoenda baharini, watoto hawali. Akienda siku isiyo yake, hawamwoni tena. Utabiri usiosema wapi na saa ngapi unamwachia achague mwenyewe kati ya njaa na kaburi.

Tuingie kwenye sheria. Zamani huduma hii ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, makao yake Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na chake. Mwaka 1999 ukaundwa Wakala wa Hali ya Hewa. Mwaka 2019 Bunge likapitisha sheria iliyoufanya wakala kuwa Mamlaka. Na sheria hiyo imeipa Mamlaka peke yake kazi ya kutoa tahadhari rasmi. Mimi sina ugomvi na hilo. Tahadhari ikitolewa na kila mwenye simu, itakuwa vurugu tupu. Lakini ukishasema ni mimi peke yangu ninayeruhusiwa kumwonya mwananchi, umebeba deni. Huwezi kufunga milango mingine yote halafu mlango wako mwenyewe ukauacha bila bawaba.

Hapo linakuja suala la mapato. Mashirika ya ndege hulipia huduma ya hali ya hewa, na huo ni utaratibu wa kimataifa. Mwenye meli kubwa na mwenye mgodi walipe, sawa. Lakini tuwe macho. Taasisi ikiambiwa ijitafutie fedha, itaegemea kwa anayelipa. Itakuwa na taarifa nzuri kwa uwanja wa ndege na taarifa ya jumla jumla kwa mwalo wa dagaa. Mjomba hana ankara ya kulipa. Mkulima wa korosho hana. Onyo la kuokoa maisha ni kama polisi na zimamoto, halipaswi kutegemea nani ana pesa. Hilo ndilo eneo ambalo Hazina inatakiwa ilipe bila kusukumwa.

Lipo jambo jingine ambalo hatulizungumzi. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu bahari yetu tunakipata kwa vipimo vya watu wengine. Maboya yaliyotiwa nanga katikati ya Bahari ya Hindi yaliwekwa kwa ushirikiano wa Marekani, India, Japan, Indonesia na wengine. Satelaiti si zetu. Kompyuta kubwa zinazokokotoa hali ya dunia nzima si zetu. Hakuna aibu katika kushirikiana, hewa haina mpaka. Lakini mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifukuza mamia ya wafanyakazi wa NOAA, taasisi yao ya hali ya hewa na bahari, kisha ikapendekeza kuipunguzia bajeti kwa takribani robo. Wenyewe Wamarekani wakagombana Bungeni kwao. Sisi huku tulikaa kimya, kama vile hayatuhusu. Yanatuhusu! Boya likiharibika katikati ya bahari na asiwepo wa kulitengeneza, pengo linaonekana kwenye utabiri wa Mtwara. Anayekuazima jicho anaweza kulidai siku yoyote.

Wapo watakaoniambia, "Hospitali haina dawa, shule haina madawati, wewe unaleta maputo." Ni hoja ya heshima, tuijibu kwa heshima. Mwaka 2019 Tume ya Dunia ya Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi ilieleza kwamba onyo la saa 24 tu kabla ya dhoruba linaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Sasa linganisha na gharama ya kuchelewa. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki kutokana na mvua za El Nino na mafuriko. Miezi michache kabla yake, Desemba 2023, tope liliporomoka Hanang, likaua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji jirani. Madaraja, barabara, shule, zahanati, vyote vinajengwa upya kwa kodi hizo hizo zinazosemekana hazitoshi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na sisi tunajenga ukuta kila masika.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila aliyekufa angeokolewa na utabiri. Kuna aliyeonywa akakosa pa kwenda, kuna aliyejengewa mtaa kwenye mkondo wa maji kwa baraka za mamlaka. Ninachosema ni kwamba onyo ndiyo hatua ya kwanza, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

Kwa hiyo tufanye nini? Sipendi hotuba inayoishia kwenye makofi. Nina mambo manne.

Kwanza, tusome bajeti. Fedha za TMA zimo ndani ya Wizara ya Uchukuzi, Fungu 62. Kila mwaka waziri husoma hotuba yake kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai mosi. Msiangalie tu kiasi kilichoidhinishwa. Tafuteni kilichotolewa. Kuidhinishiwa ni ahadi ya mchumba, kutolewa ndiyo ndoa.

Pili, tuulize hapa kwetu. Kila kata, nendeni kwa diwani na kwa mtendaji: tahadhari ikitoka, nani anaipokea, na inafika mwaloni kwa njia gani? Kuna bendera? Kuna kipaza sauti cha msikitini? Kama jibu ni "tunaona kwenye WhatsApp", andikeni hivyo hivyo mtuletee.

Tatu, vijana wenye sayansi, hii ni ajira. Kuna chuo cha hali ya hewa Kigoma, kuna shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar. Tudai nafasi za kazi ziende na idadi ya mitambo inayonunuliwa.

Nne, na hili ni letu wenyewe: tusisambaze uzushi. Ukiona picha ya kimbunga cha Florida imeandikwa "kesho Kilwa", usiitume. Chama kinachodai taarifa sahihi hakiwezi kuwa na vijana wanaorusha taarifa za uongo. Tahadhari rasmi ikitoka, iwe njano, chungwa au nyekundu, itume, kisha mpigie mwenye kitochi umweleze kwa maneno anayoyaelewa.

Hili si suala la kijani, bluu wala zambarau. Mawimbi hayaulizi kadi ya chama. Lakini nani apate fedha na nani asubiri, hayo ni maamuzi ya watu, na watu hao tunawaajiri sisi. Wakija kuomba kura, waulizeni: mlitoa shilingi ngapi ili tujue kesho bahari itakuwaje?